Mawe Mkononi, Menengai Mbele: Tathmini ya Huduma ya Kujitolea ya Sayansi ya Dunia kwa Shule za Upili Nakuru

Mwalimu wa jiografia aliye Nakuru amezungukwa na vitu ambavyo wenzake wa kwingineko huvichora ubaoni kwa chaki. Kaskazini iko volkano ya Menengai, kusini ziwa la magadi, mashariki ngazi za Bahati, magharibi ukuta wa Mau. Hata hivyo wanafunzi wengi hufika kidato cha nne wakiwa wamekariri aina zote za volkano bila kushika jiwe hata moja lililotoka ndani yake. Pengo hilo ndilo linalojazwa na kikundi cha wajitoleaji tunachokitathmini hapa: wahitimu wa jiolojia, baadhi yao waliofanya kazi kwenye visima vya jotoardhi, wanaozuru shule za upili za kaunti bila kudai malipo. Ofisi hawana. Mwalimu huwapata kwa namba ya simu aliyopewa na mwalimu mwingine.

Hukumu yetu tunaiweka mapema ili asiye na muda asihangaike: waiteni. Kipindi cha darasani ni kizuri, siku ya nje ni bora zaidi, na somo la maji ya visima ni la thamani ambayo hatujaiona katika kitabu chochote cha kiada. Yapo pia mambo mawili matatu ambayo shule inapaswa kuyakataa au kuomba yabadilishwe, nayo tutayataja bila kuficha.

Huduma ina sehemu mbili. Ya kwanza ni dakika 80 darasani, yaani vipindi viwili vilivyounganishwa, kwa wanafunzi wasiozidi 45. Ya pili ni siku nzima nje, kwa kawaida Hyrax Hill kisha Menengai. Shule hugharamia basi, chakula cha mchana cha wageni na ada za kuingia. Menengai iko chini ya Huduma ya Misitu, Hyrax Hill chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mwalimu aulize viwango vya wanafunzi mapema na abebe barua yenye mhuri wa shule pamoja na orodha ya majina, la sivyo kundi linaweza kutozwa kama wageni wa kawaida.

Sanduku la mawe

Hapa ndipo wajitoleaji hawa wanapoonyesha kwamba kazi wanaijua. Sanduku la mbao lina mawe manane, yote ya nchi hii: trakaiti ya kijivu ya Menengai, pumisi (lile jiwe la kusugulia miguu), obsidiani ya pande za Naivasha, diatomaiti ya Kariandusi karibu na Gilgil, fonolaiti ya uwanda wa Uasin Gishu, jiwe la chokaa la Koru, granaiti ya pande za Kit Mikayi, na jiwe la sabuni la Tabaka kule Kisii. Kila moja lina ukubwa wa ngumi, na upande mmoja umevunjwa upya. Huo mvunjo mpya una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Jiwe lililokaa juani na mvuani miaka mingi hufanya ngozi ya kahawia, na mwanafunzi asiyeonywa huelezea ngozi hiyo akidhani anaelezea jiwe.

Wanafunzi hukaa sita sita. Kila kundi hupewa msumari wa inchi nne, kipande cha waya wa shaba, kipande cha kioo ambacho kingo zake zimepigwa msasa, kigae cha bafu kilichogeuzwa upande usiong'aa, smaku, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ndoo ya maji na kijichupa cha asidi hubaki mezani kwa mjitoleaji.

Dakika tano za kwanza ni za kutazama tu. Karibu kila mwanafunzi hukosea lenzi kwa namna ileile: huiweka karibu na jiwe na kulitazama kutoka mbali, kama anayesoma gazeti kwa kioo cha kukuza. Lenzi ya mara 10 inataka kugusana na shavu. Ishike karibu na jicho, kisha lisogeze jiwe kuelekea lenzi hadi libaki kama sentimita mbili na nusu, na mwanga uangukie jiwe wala si kichwa chako. Kwa njia hiyo fuwele nyeupe za felspa katika trakaiti huonekana wazi ndani ya kijivu laini, na matundu ya gesi katika pumisi huonekana yamevutwa upande mmoja. Wajitoleaji hawa hulirekebisha kosa hilo mwanafunzi mmoja mmoja. Huchukua muda, lakini bila hilo kipindi kizima huwa cha kubahatisha.

Kinachofuata ni ugumu. Kipimio cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, hutumika na vitu vya nyumbani: kucha ni kama 2.5, shaba 3, kioo cha dirisha 5.5 hivi, na madini ya kwazi yaliyomo ndani ya granaiti 7. Vitabu vingi humwambia mwanafunzi atumie sarafu mahali pa shaba. Kwa sarafu zetu ushauri huo unapotosha, kwa kuwa shilingi moja ya siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukiikaribisha kwenye smaku inanasa papo hapo. Wajitoleaji wameondoa sarafu na kuleta waya wa shaba kutoka kwa fundi wa stima, na ndivyo inavyofaa.

Kosa jingine hutokea kwenye mkwaruzo wenyewe. Msumari ukipitishwa juu ya jiwe gumu huacha mstari wa kijivu, na mwanafunzi hushangilia kwamba jiwe limekwaruzika. Lowesha kidole, futa. Mstari ukitoka, ulikuwa unga wa msumari. Ukibaki na ukauhisi kwa ukucha, hapo jiwe ndilo lililokwaruzwa. Obsidiani huwatatiza zaidi, kwa kuwa ugumu wake unakaribiana sana na wa kioo. Kundi moja litasema imekata kioo, jingine litasema haikukata, na yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Mjitoleaji mzuri huliacha jibu hilo lisimame. Jiwe la Tabaka nalo hukwaruzwa na kucha mara nyingine na mara nyingine likakataa, kwa sababu mchanganyiko wa madini yake haulingani kila mahali; msumari huingia bila taabu.

Kipimo cha asidi ndicho kinachopendwa kuliko vyote, na kimepangwa kwa akili. Chokaa ya Koru na diatomaiti ya Kariandusi zote ni nyeupe, zote huacha unga mkononi. Darasa huulizwa kwanza lidhani ni zipi zinazofanana. Kisha tone moja la asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 hudondoshwa juu ya kila jiwe. Chokaa hutoa povu na mlio mdogo. Diatomaiti hunyamaza, ikalinywa tone lote. Chokaa ni kalsiamu kabonati inayotoa gesi ya kaboni dioksidi ikikutana na asidi, ilhali diatomaiti ni mabaki ya silika ya vijimea vidogo mno vilivyoishi katika maziwa ya kale ya Bonde la Ufa. Shule isiyo na asidi inaweza kutumia siki nyeupe ya jikoni, ila siki haifanyi kazi juu ya jiwe zima kwa kasi ya kuonekana. Kwaruza jiwe kwa msumari upate unga kiasi cha kijiko cha chai, mimina siki juu ya unga huo, subiri. Na watoto wasilambe diatomaiti kuona inavyonata ulimini, ingawa wanajiolojia wa zamani walifanya hivyo. Wala wasiisage kwa furaha, vumbi lake la silika halifai mapafuni. Tone la maji linaonyesha jambo lilelile.

Pumisi huelea ndoani na darasa hupiga makofi. Mwalimu ajue hili: pumisi ndogo ikishinda majini darasa baada ya darasa, maji huingia matunduni na kipande kinaweza kuzama mbele ya wanafunzi wa mwisho. Ni nafasi nzuri ya kuwauliza kwa nini, mradi mjitoleaji awe amejiandaa kwa swali hilo. Ikaushwe juani kabla ya kutumiwa tena. Obsidiani nayo hukata kama wembe mahali ilipovunjika. Iwe imefungwa kwa kitambaa, na mwanafunzi aishike kwa upande laini tu. Fonolaiti, ukiigonga kwa nyundo ndogo ikiwa imening'inizwa kwa uzi, hulia kama chuma. Hilo darasa halilisahau.

Kasoro ya sanduku ni moja: kadi ya majina ya mawe. Baadhi ya wajitoleaji huigawa mwanzoni, na tangu hapo wanafunzi huacha kupima wakaanza kulinganisha picha. Mwombeni awaye yote atakayekuja aifiche kadi hadi dakika 10 za mwisho.

Mchanga, uji na siki

Kielelezo cha Bonde la Ufa ni sanduku la plastiki angavu la sentimita 40 kwa 15. Chini yake kuna karatasi mbili ngumu zinazokutana katikati: moja imegundishwa, nyingine hupita kwenye mpasuo mwembamba chini ya ukuta mmoja. Juu huwekwa tabaka nne za mchanga mkavu uliochekechwa, kila moja sentimita moja, na kati ya tabaka hunyunyizwa unga wa mkaa ili mistari ionekane kutoka ubavuni. Karatasi huvutwa polepole, sentimita moja kwa sekunde 15 hivi. Ikifika sentimita mbili, kipande cha katikati huzama kati ya nyufa mbili zilizolala kama nyuzi 60, na mistari ya mkaa huonyesha wazi ni upande gani ulioshuka.

Kinachoharibu zoezi ni unyevu na haraka. Mchanga wenye unyevu hushikamana na kupasuka wima, kama ukuta wa udongo, badala ya kuteleza kwa mshazari. Uanikeni siku nzima kabla. Na anayevuta kwa pupa hupata rundo lililoporomoka lisilo na tabaka. Wapo wanaotumia unga wa ngano kwa kuwa ni mweupe na unapendeza. Sisi tunasema mchanga: unga hushikamana mno hata ukiwa mkavu, na pia hatuoni sababu ya kumwaga chakula mbele ya watoto. Mjitoleaji akumbuke kuwaeleza kwamba bonde halisi hupanuka milimita chache tu kwa mwaka. Bila hilo wanafunzi huondoka wakidhani Mau na Bahati ziliachana siku moja.

Kwa volkano wana vielelezo viwili, kimoja bora na kimoja cha kuachwa. Kilicho bora ni bilauri tatu: ya maji, ya uji mwepesi, ya uji mzito uliopoa. Mwanafunzi hupuliza kwa mrija katika kila moja. Majini mapovu hupanda na kutoka bila fujo. Katika uji mzito hewa hunaswa, hukusanyika, kisha hupasuka na kurusha matone mezani. Hapo huingizwa kemia: magma ya basalti ina silika kama asilimia 50, ya trakaiti zaidi ya 60, na kadiri silika inavyozidi ndivyo magma inavyokuwa nzito kama uji ule na gesi inavyoshindwa kutoka. Ndiyo maana Menengai, ambayo ni ya trakaiti, ilirusha majivu mengi yaliyotandaa pande zote za Nakuru. Wekeni magazeti mezani, na kila mwanafunzi mrija wake.

Cha kuachwa ni mlima wa udongo unaomwagiwa siki na magadi ya kuokea. Unapendwa, unapigwa picha, na unafundisha uongo. Kinachotokea pale ni asidi kukutana na besi. Hakuna joto, hakuna gesi iliyoyeyuka chini ya shinikizo, hakuna kuganda. Matokeo yake huonekana kwenye majibu ya mtihani, pale mwanafunzi anapoandika kwamba lava hulipuka kwa sababu kemikali mbili zimechanganyika. Chupa ya soda inatosha kuchukua nafasi yake. Kabla ya kufunguliwa, mapovu hayaonekani. Kizibo kikilegezwa shinikizo hushuka na mapovu huzuka ndani ya kinywaji chote. Gesi ilikuwemo tangu mwanzo. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe ya mlipuko wa volkano, na bei yake ni ya soda moja.

Zoezi la tetemeko la ardhi tutalipitia haraka kwa kuwa linafanana na lile la vitabuni, ila limepata uhai kwa kuanza na la hapa: tarehe 6 Januari 1928, upande wa Subukia, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 6.9 na kupasuka juu kwa kilomita nyingi kando ya ufa wa Laikipia na Marmanet. Wanafunzi wengi huamini Kenya haina matetemeko makubwa, hivyo hushtuka. Kisha, ili watafute chanzo cha tetemeko, hupewa michoro ya mitetemo kutoka vituo vitatu, husoma muda kati ya wimbi la kwanza na la pili, huuzidisha kwa 8 kupata kilomita, na kuchora duara tatu kwa bikari, kila moja kuzunguka kituo chake. Sekunde 10 ni kilomita 80. Duara hazikutani kamwe kwenye nukta moja. Hufanya kipembetatu kidogo. Wanafunzi hufuta na kulazimisha zikutane. Msimamizi azuie kifutio: kipembetatu ndicho jibu la kweli, na ukubwa wake unaonyesha kiasi cha kosa la vipimo.

Siku ya Menengai

Kwa Hyrax Hill saa moja inatosha. Mary Leakey alichimba hapa 1937, na watu huja kwa mabaki ya makazi ya kale, lakini kwa sayansi ya dunia kitu cha kutazama ni kilima chenyewe na ufuo wa zamani. Maelfu ya miaka iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa na mvua zaidi, maziwa ya Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja, lenye kina cha karibu mita 180. Mwanafunzi aliyeona maji ya Ziwa Nakuru yakipanda na kufunika miti na barabara za mbugani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hupata hapa kipimo cha kulinganishia.

Mfike Menengai kabla ya saa nne asubuhi. Mchana upepo huongezeka na mawingu hufunga upande wa pili, na mchoro wa mandhari hauchoreki tena. Kaldera, yaani shimo kuu la volkano, ina kama kilomita 12 kwa 8, na ukingo wake wa juu uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Sakafu imejaa lava nyeusi iliyotoka baadaye, na moshi mweupe unaoonekana hapa na pale ni mvuke. Kosa la kwanza la wanafunzi ni kudhani kilele kilirushwa angani chote na kuacha shimo. Wajitoleaji hulieleza vizuri: majivu na gesi vilitoka kwa wingi, chumba cha magma kikapungukiwa, paa lake likakosa mhimili na kuporomoka ndani. Ushahidi wake ni kuta zilizosimama wima pande zote, na sakafu pana kuliko shimo ambalo mlipuko peke yake ungeacha.

Kazi ya pale ni tatu: mchoro, pembe na jiwe. Mchoro huchukua dakika 25, kwa penseli, ukiwa na mshale wa kaskazini, mizani ya kukadiria na majina ya vitu visivyopungua sita. Pembe hupimwa kwa kifaa walichotengeneza wenyewe darasani: kipimapembe, uzi wa sentimita 20 na nati. Mwanafunzi hulenga mahali fulani sakafuni palipo pia kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja. Tuseme umbali ni kilomita 1.5 na pembe ya kushuka nyuzi 11. Tanjenti ya 11 ni 0.194, hivyo kina ni kama mita 290. Ukikosea kwa nyuzi moja tu, kina hubadilika kwa karibu mita 27. Na kukosea ni rahisi, kwa kuwa upepo wa ukingoni hupeperusha uzi. Tiba ni nati nzito, mwenzako kukukinga upepo kwa mgongo wake, na wastani wa vipimo vitano. Walimu wa hesabu waje na kundi hili, watapata matumizi ya trigonometria ambayo hakuna atakayeuliza ni ya nini.

Usalama ndio uliotupa wasiwasi. Ukingo wa Menengai una mawe yaliyolegea, na hakuna kizuizi sehemu nyingi. Mjitoleaji mmoja kwa wanafunzi 12 ndio uwiano tunaoukubali. Kikundi hiki wakati mwingine huja na watu wawili tu kwa basi zima, nacho kinategemea walimu wazibe pengo. Msikubali kutoka shuleni bila idadi hiyo kutimia. Mstari wa kamba uwekwe mita tano kutoka ukingoni kabla ya wanafunzi kushuka basini, na picha za simu zipigwe ndani ya kamba. Kila mmoja abebe maji lita moja na nusu, kofia, na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili juu ya lava ni jeraha. Nyundo ishikwe na mjitoleaji peke yake, macho yake yakiwa yamefunikwa kwa miwani, wengine wakiwa hatua kumi nyuma.

Kuhusu jotoardhi, huelekeza visima kwa mbali na kueleza bila kuingia. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba hapa 2011, na kituo cha kwanza, cha megawati 35, kilianza kuzalisha umeme 2023. Maelezo haya hufaa kuliko hotuba ndefu ya kazi na taaluma inayotolewa baada ya chakula, ambayo tungeikata nusu. Wanafunzi waliochoka hawasikilizi orodha ya vyuo. Wanasikiliza mtu anayewaeleza alichoona kwenye vipande vya mwamba vilivyopanda kutoka kisimani.

Somo la maji

Hili halimo katika kila ziara. Ni lazima mliombe. Mawe ya volkano ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na maji ya visima virefu vya Nakuru hukaa humo muda mrefu hadi kuibeba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake bado yanaundwa hupata meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huathirika.

Wanafunzi huleta maji ya nyumbani katika chupa safi za plastiki, si za kioo. Mjitoleaji hupima mililita 10 za maji, huongeza mililita 2 za kitendanishi chekundu, husubiri dakika moja, kisha husoma kwa kipimarangi cha mkononi akilinganisha na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari (soma lebo, asidi ya betri huuzwa rafu ileile). Kosa kubwa ni kuamini namba ya kwanza. Kipimo hiki huishia miligramu 2 kwa lita, kwa hiyo kisima chenye 6 kitasomeka kama 2 na kidogo, na familia itadhani imekaribia usalama. Maji ya kisima yazimuliwe kwanza: mililita 2 za maji, 8 za maji yaliyokenekwa, na jibu lizidishwe kwa 5. Kitendanishi ni asidi na kina sumu. Mwanafunzi asikiguse, na mabaki yote yarudi kwenye galoni ya mjitoleaji wala yasimwagwe kwenye sinki la shule.

Wanafunzi huuliza kama kuchemsha kunasaidia. Hakusaidii. Maji hupungua, floraidi inabaki, kwa hiyo huzidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au kichujio cha mkaa wa mifupa ambacho mkaa wake hubadilishwa unapochoka. Jambo moja tunaliomba kwa moyo wote: asitokee mtu wa kumsimamisha mwanafunzi mbele ya wenzake ili meno yake yatazamwe. Darasani Nakuru huwa wapo kadhaa, na wanajua. Somo lifundishwe kwa namba na chupa.

Somo la nyufa huunganishwa na hili pale muda unaporuhusu. Mwezi Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na ufa karibu na Suswa, habari zikaenea kwamba Afrika inagawanyika. Wajitoleaji huonyesha maelezo mengine kwa chupa ya lita tano iliyokatwa ubavu: changarawe chini, majivu ya volkano katikati, udongo mgumu juu. Maji yakimiminwa pembeni hubeba majivu kupitia tundu la chini, na udongo wa juu hubaki ukining'inia hadi unapotumbukia ghafla. Mitaa kama Kiamunyi, ambako ardhi imewahi kuzama baada ya mvua kubwa, imejengwa juu ya majivu ya aina hiyo. Mwanafunzi anayeishi huko huondoka akijua kuelekeza maji ya paa mbali na msingi wa nyumba.

Kabla ya kuwaita

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni kwamba inaisha siku ya ziara. Hakuna anayerudi, hakuna zoezi linalosahihishwa. Mwalimu alipange hilo mwenyewe: daftari za siku hiyo ziandikwe upya ndani ya wiki moja kwa vichwa vya kazi ya nyanjani jinsi inavyoulizwa katika karatasi ya kwanza ya jiografia ya mtihani wa KCSE, yaani malengo, dhahania, mbinu, matatizo na matokeo. Aliyepambana na uzi uliopeperushwa na upepo hana haja ya kukariri "matatizo yaliyojitokeza". Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Aprili na Mei njia huteleza na mandhari hufungika. Shule za wasichana ziombe angalau mjitoleaji mmoja mwanamke, kwani wapo.

Shule za Kisumu na magharibi zisilipe basi hadi Menengai kwa sababu tu jina lake liko vitabuni. Uwanda wa Kano ni bonde la ufa kamili, lenye ukuta wa Nandi upande mmoja na wa Nyabondo upande wa pili, na unaonekana ukiwa Ahero. Kit Mikayi inafundisha granaiti na kumomonyoka kwa miamba kuliko mchoro wowote, na Kakamega ina miamba ya kale yenye dhahabu. Vipimo vya sanduku ni vilevile.

Shule inayotaka kubaki na sanduku lake inaweza. Mawe mengi hupatikana bure au kwa bei ndogo kwa wachongaji na wachimbaji, kwa ruhusa yao, wala yasichukuliwe mbugani au katika maeneo ya makavazi. Kinachogharimu ni lenzi. Pumisi ihifadhiwe ikiwa kavu, obsidiani ndani ya kitambaa chake, na kijichupa cha asidi kibaki maabara kwenye kabati lenye kufuli, kamwe si ndani ya sanduku: kikivuja, chokaa ya Koru ndiyo italiwa kwanza, kisha misumari.